Mwosha wa Ngamiani na Sanamu ya Mpagazi

Habari za kufa kwake zilitufikia Tanga akiwa ameshazikwa. Mchuuzi mmoja wa dagaa kutoka Pangani alisimama barazani kwetu, akatua kapu lake, akasema, "Yule bibi yenu aliyekuwa akiosha maiti, Mungu amemchukua. Tumemzika Ushongo juzi." Akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Mimi nikaingia ndani. Tangu hapo namkumbuka vipande vipande, leo hiki, kesho kile, na nimeona bora niviandike kabla havijanipotea. Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Mtaa wetu wote wa Ngamiani ulimwita mwosha akiwa hayupo, na Bi Mkubwa akiwapo. Nami nitafuata hivyo hivyo.

Nianze na mikono yake, maana ndiyo niliyoijua kwanza. Alimwosha mama yangu. Ilikuwa mikono mipana kama ya mwanamume, vidole vifupi, na wakati wote ilikuwa ya moto, hata asubuhi za mvua. Aliingia chumbani, akakunja kanga yake, akainama karibu na sikio la mama, akasema kama anavyosema jirani na jirani, "Shoga, ni mimi. Maji si ya baridi, usiogope." Kisha akamgeukia mama yangu mdogo aliyekuwa analia mlangoni. "Wewe nenda ukalie jikoni. Huku kuna kazi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yake: anayelia haoshi. Alisema machozi hayamtoharishi mtu, tena yanamwagika mahali yasipotakiwa. Katika miaka yote niliyomjua alikuwa akizungumza na maiti kazi yote, polepole, akiwaeleza anachofanya. "Sasa nakuinua mkono. Sasa nakugeuza ubavu." Watu hai hakuwapa maneno mengi hivyo. Ukimkuta njiani ukamwamkia, "Shikamoo Bi Mkubwa," alijibu marahaba na kupita, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Na alichokiona mwilini mwa mtu hakikutoka kinywani mwake. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alimjia siku moja kumchimba. Tajiri fulani mke wake amekufa, watu wanasema alikuwa na alama ya kuungua mgongoni, alichomwa na mumewe. "Eti kweli, Bi Mkubwa? Uliona nini?"

"Nimeona mtu," akamjibu. "Hata wewe nitakuona."

Yule mwanamke hakurudi tena.

Lakini huyo huyo, aliyeweza kukaa peke yake na maiti katika nyumba ya watu asiowajua, alikuwa anaogopa mbuzi. Si kidogo. Mbuzi akisimama katikati ya Barabara ya Nane, mwosha hapiti. Mara moja nilimkuta amepanda kwenye baraza la mshona viatu, ameshikilia nguzo, na mbuzi jike mmoja mdogo yuko chini anatafuna ganda la ndizi. Mshona viatu, mzee mjane mwenye sauti nzuri, alikuwa anamfukuza mbuzi yule kwa uvivu mkubwa sana, maana hakutaka aende upesi.

"Bi Mkubwa," akamwambia, "ungekubali maneno yangu, mbuzi wa Tanga nzima wasingekusumbua."

"Mimi ni mke wa mtu," akasema mwosha, bado ameshika nguzo.

"Mke wa mtu gani? Mtu huyo yuko wapi?"

"Hajarudi."

Alijibu hivyo kila mara, na si kwa mshona viatu peke yake. Nilivyosikia, alipokuwa kijana walimjia wanaume wa maana, mmoja ana shamba la minazi Tongoni. Wote waliambiwa hajarudi.

Mume wake alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, mimi sijazaliwa. Walikuwa wameoana karibuni, hina ya harusi, alisema yeye mwenyewe, ilikuwa haijafutika vizuri kwenye kucha. Mume alikwenda kuuza nazi, askari wa Mjerumani wakamkuta barabarani, wakamtwika sanduku kichwani, wakaondoka naye pamoja na wengine kuelekea bara. Mtu mmoja aliwahi kumwona karibu na Korogwe. Baada ya hapo hakuna tena. Mjerumani akashindwa, akaondoka, na hakumwachia mtu maelezo. Mwingereza akaingia, na kwake huyo hakuwa mtu wake.

Kwa hiyo mwosha alikuwa anamzungumza mumewe kama mtu aliye safarini. "Mume wangu hapendi pilipili." "Mume wangu analala upande wa ukutani." Mgeni angedhani bwana atarudi magharibi. Sisi majirani tulishazoea, wala hatukuwa tunacheka. Mila zetu zinasema mke wa aliyepotea asubiri mpaka ijulikane amekufa, na hakuna aliyekuja kumwambia kuwa imejulikana. Hakuwa mke, kwa kuwa hakuwa na mume ndani. Hakuwa mjane, kwa kuwa hakuwa amefiwa. Penye sherehe wanawake walioolewa hukaa huku na wajane huku, yeye alichagua kazi ya kukaa jikoni.

Aliyethubutu kumcheka ni mmoja tu, naye ni mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Nyumba zetu zilipakana, na ua wa nyuma zamani ulikuwa mmoja. Kisha kuku wa mavyaa akaingia chumbani kwa mwosha akataga yai juu ya kitanda. Mavyaa akalitaka yai. Mwosha akasema, "Kuku ni wako, lakini kitanda ni changu, na yai limechagua kitanda." Wakagombana siku nzima. Kesho yake mavyaa akamwita fundi, akasimamisha ua wa makuti katikati. Ule ua haukuwazuia kusemezana, ila sasa kila mmoja alisema kwa sauti zaidi.

"Umetia chumvi tena kwenye mchuzi, naisikia mpaka huku!" mwosha atasema.

"Nenda kamchambue maiti wako, waache wapikaji wapike!" mavyaa atajibu.

Mimi mkaza mwana nilikuwa katikati, natumwa huku na huku. Kwangu ndiko mwosha alikoweka kopo lake la sukari. Alipenda sukari kupita kiasi, akaona akiliweka kwake ataimaliza kwa siku mbili. "Usinipe hata nikikuomba," aliniusia. Jioni anakuja kuomba. Nikikataa ananiambia sina adabu kwa wakubwa, nikimpa ananiambia sina msimamo.

Sasa niseme habari ya sanamu.

Miaka ile ya hamsini serikali iliweka sanamu katika bustani ya mjini, upande wa baharini. Ilikuwa ya shaba, mwanamume mrefu aliyevaa kitambaa kiunoni, sanduku kichwani, mguu mmoja mbele, kuwakumbuka wapagazi waliokufa katika vita vile vya kwanza. Watu wa Ngamiani hawakuchukua muda kumpa jina, wakamwita Bwana Mzigo. Mtu akichelewa shughuli aliambiwa, "Umesimama kama Bwana Mzigo, hutui wala huendi." Wazee wa msikitini hawakuipenda, wakisema sanamu ni sanamu tu. Lakini siku ya kuifunua walialikwa, nao wakaenda, kwa sababu kulikuwa na bendi.

Tulikwenda watatu, mimi, mavyaa na mwosha. Tulisimama nyuma, chini ya mwarobaini, pamoja na watu wa kawaida. Mbele walikaa wazungu na wakubwa wa mji. Bwana mmoja mkubwa akasimama akasema kizungu kirefu, na karani akatafsiri. Mengine yalikuwa ya mfalme na ushujaa, hayo hatukuyajali. Kisha karani akasema, "Bwana anasema, watu hawa walikwenda na hawakurudi. Wamekufa. Serikali inawapa pole wafiwa wote."

Mwosha akanishika mkono. Hapo ndipo nilipojua mikono ile inaweza kuwa ya baridi.

"Amesema wamekufa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mkubwa."

Akamgeukia mavyaa. "Na wewe umesikia?"

"Kwani mimi kiziwi?"

Mbele yetu alisimama muuza njugu, kijana wa Kidigo, na chano chake kichwani. Mwosha akamgusa bega. "Baba, nawe umesikia alivyosema? Wamekufa?"

"Nimesikia, mama. Unataka njugu?"

"Unaitwa nani na unakaa wapi?"

Kijana akamwambia, amestaajabu. Mimi bado sikuelewa. Mavyaa ndiye aliyeelewa, akajipiga kofi pajani. "Mungu wangu! Mwanamume mmoja na wanawake wawili. Anakusanya mashahidi!"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwetu habari ya kifo haiwi habari mpaka itangazwe mbele ya watu na wawepo wa kushuhudia. Bwana yule alikuwa anatoa hotuba. Mwosha alikuwa anapokea tanzia. Bendi ilipopiga yeye alikuwa ameshajifunika kanga mpaka usoni, anatembea kurudi Ngamiani, na jioni ile ile akaninong'oneza juu ya ua nimwite sheikh wa msikiti wetu.

Sheikh alikuja baada ya swala ya isha, watu walipopungua, akakaa kwenye kiti barazani, mwosha akakaa ndani nyuma ya pazia, mimi karibu naye. Alikuwa sheikh mpole, mtu aliyefikiri kabla ya kusema. Alisikiliza yote. Kisha akasema hatabishana kuhusu karani wala mzungu. Mtu aliyepotea muda wote ule, katika vita, na wenzake hawajaonekana, yeye hatasema yu hai.

"Basi nikae eda," akasema mwosha.

"Hapo sasa, mama, nikueleze. Eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si tangu siku mke alipopata habari. Kama alikufa katika vita vile, miezi yako minne na siku kumi ilipita zamani. Huna eda. Wewe ni huru."

Nilidhani atafurahi. Mwosha akasogelea pazia.

"Imepita?"

"Imepita."

"Nilikaa lini, sheikh?"

Kiti cha sheikh kikalia barazani.

"Basi mimi nilikuwa mjane, nakwenda sokoni, naimba harusini, nampikia mtu asiyependa pilipili, na hakuna aliyeniambia?"

"Sheria haikudai kitu, mama."

"Sheria hainidai. Yeye ananidai."

Pazia lilikuwa katikati na sikumwona sheikh usoni. Nilisikia tu anavua kofia na kuivaa tena. Mwisho akasema, "Mwanamke kukaa nyumbani kwake na kumwombea mumewe, mimi sina andiko la kumzuia. Lakini usiite faradhi, na asije mwingine akaiiga akasema nimeamuru mimi. Na ukianza umalize. Usiifanye mchezo wa kibibi na kibwana."

"Nitamaliza," akasema mwosha.

Habari zilipoenea, wanawake wa mtaa wakamjia, lakini si kumpa pole. Walikuja kulalamika. Mwanamke mwenye eda hatoki. Nani ataosha?

"Yuko mwosha wa Chumbageni," akawaambia.

"Yule ana haraka! Anamwosha mtu kama anaosha sufuria."

"Na sisi tukifa, Bi Mkubwa?"

"Msife."

"Kifo kina ahadi na mtu?"

"Basi ngojeni nitoke, halafu mfe mpendavyo."

Wengine wakacheka. Mavyaa hakucheka. Alisimama upande wa pili wa ua, mikono kiunoni, akapaza sauti ili wote wasikie. "Nyie mnambembeleza nini? Anamkalia eda Bwana Mzigo! Tena mume wake alichukuliwa na Mjerumani, na kile kinyago kawekewa mpagazi wa Mwingereza. Huyu amekwenda kulia matanga ya nyumba ya pili!"

Kweli hilo lilituingia. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa amelifikiri na kulimeza. Wanawake wakatazama chini. Mwosha akasogea mpaka kwenye makuti.

"Wewe uliyezaa, niambie," akasema. "Sanduku la Mjerumani na sanduku la Mwingereza, lipi jepesi kichwani?"

Akaingia ndani akafunga mlango, na eda ikaanza.

Sijaona eda iliyokaliwa vile. Wajane wengine niliowaona walikaa kwa huzuni au kwa desturi. Yeye alikaa kama mtu anayefanya kazi aliyoipata kwa shida. Hakupaka wanja wala mafuta mazuri, hakufukiza udi, alivaa kanga mbili zilizofifia, moja mwilini moja kichwani. Aliniambia nichukue kioo chake nikakiweke kwangu pamoja na kopo la sukari. Mshona viatu alileta pole yake kwa kupitia kwangu. Nilipoifikisha akasema, "Mwambie imefika, na asilete nyingine."

Tatizo lilikuwa mikono. Haikuzoea kukaa. Alikuwa anaosha vyombo vilivyo safi, anafua kanga ile ile, anachambua mchele mpaka mchele wenyewe unachoka. Kila mtu akifa mtaani alijua kwa vilio, akakaa kwenye kigoda ananihoji nikirudi. Maji yalikuwa ya moto kiasi gani? Walimfunga kidevu vizuri? Nikimwambia, anatikisa kichwa, wala hamsemi vibaya yule wa Chumbageni. Alisema tu, "Ana mikono ya baridi, maskini. Si kosa lake."

Mchana mmoja nilimpelekea mchuzi wa samaki, nikamwomba radhi kwa kuutia pilipili. Akaonja. "Si kitu," akasema. "Alikuwa hapendi pilipili yeye, mimi sina ugomvi nayo." Alikuwa amesikia alichosema. Akaweka kijiko chini, akakitazama, na mimi nikajifanya natafuta kitu mlangoni. Tangu siku hiyo nilisikia "alikuwa" nyingi. Alikuwa anacheka kwa pua. Alikuwa hodari wa bao lakini mwizi wa kete. Kwa mara ya kwanza nikapata picha ya kijana mmoja wa kweli, na si bwana aliye safarini.

Eda ilikuwa imebakiwa na wiki chache mavyaa alipougua. Alianza na homa, kisha kifua. Alilala siku kadhaa, ulimi wake ukiwa mzima mpaka mwisho. Asubuhi moja aliniita nisogeze sikio.

"Nikifa usimwite yule wa Chumbageni."

"Hufi, mama."

"Nyamaza nikwambie. Sitaki mikono ya baridi. Namtaka yule mpumbavu wa nyuma ya ua."

"Mama, yule yuko ndani ya eda."

"Najua alipo. Nimekusikia kila siku ukimpelekea samaki wangu."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa karakana ya reli na mtu asiyesema sana, alipokuja kutoka kazini nilimweleza wosia wa mama yake. Nyumba imejaa watu, wanaume barazani, wanawake uani, na maziko yanatakiwa yawe alasiri. Nyuma ya makuti tuliona vidole. Mwosha alikuwa amesimama pale, vidole vyake vifupi vimepenya kwenye ua.

"Bi Mkubwa," akasema mume wangu, "umesikia?"

"Nimesikia, baba. Poleni."

"Mama amekutaka wewe."

Vile vidole vikakaza makuti. Kisha akasema, "Nilimwahidi sheikh nitamaliza. Nikitoka mlango ule, miezi yote hii ni bure. Na mama yako nisipomwosha mimi… Baba, usiniulize. Mimi sijui."

Wanawake wakaanza kushauriana. Mmoja akasema mwenye dharura hutoka mchana, haina ubaya. Mwingine akasema yule si mtu wa nusu nusu, akitoka atajiona amevunja. Mtu akasema akaitwe sheikh. Mume wangu alikuwa anautazama ule ua. Kisha akaingia ndani akatoka na panga. Nilishtuka. Akakata kamba za kwanza, akakata za pili, akaushika mhimili akauvuta, na ua wa makuti ukalala chini wote pamoja, vumbi likapaa, na kuku wakakimbia.

"Mama ndiye aliyeuweka," akasema. "Mimi mwanawe nimeutoa. Sasa hapa ni nyumba moja, Bi Mkubwa. Hutoki kokote." Akageuka akaenda zake kwa wanaume.

Mwosha akayavuka makuti kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mtaro.

Nilikuwamo chumbani. Akainama kwenye sikio la mavyaa kama alivyofanya kwa mama yangu. "Shoga, ni mimi. Mpumbavu wako." Akaanza kazi. "Nakuinua mkono. Mkono huu ndio uliokuwa kiunoni kila siku. Haya. Ulisema mume wangu kabeba mizigo ya Mjerumani. Sawa, kabeba. Geuka na huku. Ulisema nalia matanga ya nyumba ya pili. Umeona sasa? Hakuna nyumba ya pili."

Hapo akalia. Alilia bila sauti, machozi yanamtoka na mikono haisimami, anayafuta kwa bega ili yasidondoke mahali yasipotakiwa. Nilingoja ajitoe nje kwa sheria yake mwenyewe. Hakujitoa, na hakuna aliyethubutu kumtoa. Nimejiuliza mara nyingi siku ile alikuwa anamlilia nani. Sijui, na sitajifanya najua.

Jioni, baada ya maziko, sheikh alipita kutupa pole. Mwosha akamwita kutoka ndani, "Sheikh, mimi sijatoka nje."

"Nani amesema umetoka?" akajibu sheikh, akaenda kuswali.

Eda ilipokwisha, mume wake alisomewa hitma uani kwetu, na ua ule haukusimamishwa tena. Upande wake na upande wetu zilipikwa sufuria kubwa za pilau, na muuza njugu yule shahidi aliitwa akaja, akala sana. Wajane wa mtaa wakamsogezea mwosha nafasi kwenye mkeka wao. Akakaa. Alikaa wima mno, kama bibi harusi.

Aliendelea na kazi miaka michache. Kisha macho yakaanza kumsumbua, na mtoto wa dada yake akamchukua akakae naye Ushongo. Nilikwenda kumwona mara moja. Nilipanda basi mpaka Pangani, nikavuka mto kwa kivuko, nikatembea sehemu iliyobaki na wanawake waliokuwa wanarudi sokoni. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, amepungua, anamtoa samaki miiba kwa vidole. Hakunitambua kwa macho. Alinitambua niliposema shikamoo.

Tulikula pamoja kwenye sahani moja. Tuliongea habari za mtaa, nani kaolewa, nani kaondoka. Mshona viatu alikuwa amefariki, na nilimwambia. Akamwombea. Kisha nikamuuliza jambo ambalo lilikuwa likinikaa moyoni.

"Bi Mkubwa, na kama bwana angerudi? Siku moja katikati ya eda, akapiga hodi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Ningemwambia kaa kitako, ule, halafu utoke barazani na wenzio usomewe hitma yako."

Alipomaliza kucheka akaendelea kuchambua miiba.

"Mwanangu, mimi maiti nawajua. Wote niliwashika. Yule sikumshika. Sijui kama alikufa, mpaka leo sijui. Yule mzungu wa bustanini alikuwa hajui, na karani wake hajui."

"Sasa kwa nini ulikaa?"

"Kwa sababu alisema. Miaka yote ile hakuna aliyesema. Mjerumani hakusema, Mwingereza hakusema, mama mkwe wangu alikufa hajasema. Kila mtu aliniambia neno moja, subiri. Angetokea mtu mmoja tu mwenye ujasiri akaniambia amekufa, ningekaa eda nikiwa kijana, nikatoka, nikaolewa, nikazaa." Akanisogezea kipande cha samaki kilicho safi. "Ningekuwa na mtoto wa kiume. Ningekuwa na mke wa mtoto, wa kumtuma na kugombana naye."

Nikakipokea, nikala.

Jioni nilipokuwa najifunga kanga niondoke, jirani mmoja mwanamke alipita na mtungi wa maji, akasimama kutusalimu. "Umepata mgeni, bibi? Nani huyu?"

Mwosha akageuza uso upande nilipokuwa, macho yake hayanioni vizuri.

"Mkaza mwanangu," akasema. "Ametoka Tanga kuja kunitazama."

Yule mwanamke akanipa mkono, akasema hongera kwa kumjali mavyaa wako. Nikaupokea mkono, nikasema ahsante.